Fisi hana wakili: hadithi zetu zinafundisha nini hasa?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Andika maneno matatu yanayokujia kichwani ukisikia neno "fisi". Usifikirie sana. Kama umekulia Tanzania au Kenya, nitashangaa kama "mroho", "mwoga" au "mjinga" halimo. Pengine umeandika "mchawi". Kama wewe ni kijana wa Nairobi, huenda umekumbuka "mafisi", wale wanaume wasiotulia wakimwona msichana. Sasa swali la pili: ni lipi kati ya maneno hayo ulilipata kwa kumwangalia fisi mwenyewe?

Wengi wetu hatujawahi kumwona fisi hai. Tumemjua kupitia bibi, kupitia kitabu cha darasa la tatu, kupitia methali. Yaani sifa zote tunazompa mnyama huyu zimetoka kwenye fasihi. Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kama fasihi inaweza kufundisha maadili ya jamii na ya mazingira, naona ubishi umeshaisha. Inaweza, tena kwa nguvu kubwa. Kinachobaki ni kuuliza inafundisha nini. Hoja yangu ni hii: hadithi za fisi hufundisha mambo mawili kwa mpigo, moja kuhusu watu na moja kuhusu mnyama, na sisi darasani tunasahihisha lile la kwanza tu. Lile la pili linapita bila kuulizwa, na lina gharama.

Tuanze kwa haki: ni hadithi nzuri

Chukua ile ya fisi na mkono wa binadamu. Fisi anamwona mtu anatembea, mikono inayumba mbele na nyuma. Anajiambia: mkono ule umelegea, muda si mrefu utadondoka. Basi anamfuata, saa baada ya saa, na mkono haudondoki. Wahusika ni wawili tu, na mmoja wao hata hajui kama yumo hadithini. Hakuna vita wala mazimwi. Kuna mwendo na matumaini ya kijinga, na msikilizaji anacheka kwa sababu naye amewahi kukisubiri kitu ambacho hakikuwa na mpango wa kudondoka.

Au ile ya njia panda. Harufu ya nyama inatoka njia ya kulia, nyingine inatoka ya kushoto. Fisi hataki kukosa hata moja. Anaweka miguu ya upande huu njia hii, ya upande ule njia ile, anasonga hivyo hivyo mpaka anapasuka msamba. Ndiyo tunasema njia mbili zilimshinda fisi. Angalia kazi iliyofanyika hapo. Wazo gumu, kwamba kuchagua ni kukubali kukosa, limegeuzwa kuwa mwili unaochanika. Mtoto wa miaka 5 analielewa bila kufafanuliwa. Wanafunzi wa uchumi hufundishwa jambo lilelile muhula mzima, na wengine hulisahau wakishatoka kwenye mtihani. La fisi halisahauliki.

Kwa hiyo sitaki hadithi hizi zitupwe. Atakayezifuta vitabuni kwa jina la uhifadhi atakuwa amefuta baadhi ya masimulizi mafupi bora tuliyo nayo.

Lakini mhakiki hatakiwi kuishia kwenye sifa. Hebu mtazame mwenzake fisi hadithini: sungura. Sungura anadanganya, anaiba, anamsingizia mwenzake kosa, kisha anatokomea na chakula. Kosa la fisi, mara nyingi, ni kwamba alimwamini. Hadithi ikiisha mwalimu anauliza, "Tunajifunza nini?" Darasa zima linajibu, "Tamaa ni mbaya!" Ni nadra kumsikia mtoto akijibu, "Tusiwaibie rafiki zetu." Tena ukimwita mtu sungura mjanja, anatabasamu.

Hapa kuna ufa kati ya funzo linalotamkwa na tukio linalozawadiwa. Midomo inasema tamaa ni mbaya. Hadithi yenyewe inaonyesha kwamba mwenye tamaa na akili anakula, na mwenye tamaa asiye na akili anapigwa. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukifundishwa kutafuta "dhamira" na "ujumbe" kama tulivyofundishwa wengi wetu, utaandika la kwanza na kupata alama zako. La pili utaondoka nalo bila kujua.

Fisi wa asubuhi na fisi wa usiku

Sasa tumgeukie mnyama mwenyewe. Afrika Mashariki tuna fisi madoa na fisi milia. Anayetawala hadithi zetu anafanana zaidi na yule wa madoa, na kwa bahati nzuri ndiye aliyechunguzwa sana, Serengeti, Ngorongoro na Maasai Mara.

Mtafiti Hans Kruuk alifanya kazi Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, na mwaka 1972 akachapisha kitabu kilichobadilisha mawazo ya wataalamu. Alichofanya ni kitu kinachoonekana rahisi: aliwafuata fisi usiku. Kabla ya hapo, watu wengi waliwaona asubuhi. Na asubuhi picha ni ileile kila siku: simba anakula, fisi wamekaa pembeni wanasubiri. Hitimisho likawa kwamba simba ni mwindaji na fisi ni mwizi wa makombo. Kruuk aliona kilichotangulia. Kule Ngorongoro, mara nyingi fisi ndio waliokuwa wameua usiku, kisha simba wakasikia kelele, wakaja wakawapora. Aliyefika asubuhi alimkuta mwizi mezani na mwenye mali mlangoni, akawabadilisha majina.

Tafiti zilizofuata zimeongeza mengi. Fisi madoa huishi katika koo, na katika ukoo majike ndio wenye mamlaka. Ni wakubwa kidogo kuliko madume. Mtoto hurithi cheo kinachokaribiana na cha mama yake. Kay Holekamp na wenzake, ambao wamewafuatilia fisi wa Maasai Mara tangu mwaka 1988, wameonyesha kwamba wanyama hawa wanatambuana mmoja mmoja, wanajua nani ni ndugu wa nani, na wanachagua upande ugomvi ukitokea. Kwa ukoo wa kibayolojia, fisi yuko karibu zaidi na nguchiro na paka kuliko na mbwa.

Na ule uroho? Ni kweli anakula kwa kasi ya kutisha. Lakini fikiria mazingira yake. Mzoga mmoja, fisi 20, na simba yuko njiani. Anayekula polepole halali ameshiba. Meno yake yanavunja mifupa ambayo wanyama wengine wanaiacha, na tumbo lake linaisaga. Ndiyo maana kinyesi chake huwa cheupe kama chokaa. Tunachokiita tamaa ni mwendo wa mezani wa mnyama anayelazimika kugombania kila tonge.

Kwa hiyo msimulizi wetu alikuwa mtazamaji mzuri. Aliona kasi, aliona kusubiri, aliona kufuata. Alichokosea ni maana. Na hilo si kosa la bibi. Wataalamu wenye darubini walilirudia mpaka mtu mmoja alipoamua kukesha.

Nani analipa gharama

Utauliza: sasa kama fisi anasingiziwa, kwani yeye anasoma? Hapana. Lakini anaishi jirani na watu waliosoma.

Shirika la IUCN linakadiria kwamba fisi madoa waliobaki duniani ni kati ya 27,000 na 47,000, na idadi inapungua. Bado hajaingia kwenye kundi la wanaokaribia kutoweka. Anakufa kwa mitego ya waya iliyowekwa kwa ajili ya nyumbu, kwa mikuki, na kwa sumu. Sidai kwamba hadithi ndizo zinazotega waya. Anayetega anatafuta kitoweo. Wala sidai kwamba mfugaji aliyepoteza mbuzi 6 usiku mmoja anahitaji hadithi ili akasirike. Nadai kitu kidogo zaidi: mnyama anapouawa, kuna wanaoliliwa na wasioliliwa. Desemba 2015, simba wa kundi maarufu la Marsh kule Maasai Mara walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu. Baadhi walikufa, na dunia nzima ikasikia. Ilikuwa haki isikie. Ila sumu haichagui: mzoga kama huo hula pia tumbusi, bweha na fisi. Hao hawana wimbo, hawana nembo, hawana wakili. Hadithi zimeshawahukumu kitambo.

Kuna gharama nyingine, na hii inatuangukia sisi. Mkoani Simiyu, Kanda ya Ziwa, fisi wameua watu katika miaka ya karibuni, wengi wao watoto. Hapo hakuna cha kuchekesha. Mama anayeishi huko anahitaji kujua mambo ya kweli: kwamba fisi hutembea zaidi usiku, kwamba huzoea njia yenye mabaki ya chakula na mizoga iliyotupwa ovyo, kwamba mtoto asitumwe peke yake gizani, kwamba boma imara lina maana. Hadithi inampa nini? Inampa fisi mjinga anayengoja mkono udondoke. Na hadithi za mjinga zikishindwa kueleza kifo, zinakuja zile nyingine, za fisi wa mchawi, fisi anayepandwa usiku, fisi mwenye mmiliki.

Ukishasema fisi ana mmiliki, hatua inayofuata ni kumtafuta mmiliki. Kanda ya Ziwa ina historia chungu ya vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, huku macho mekundu yakitajwa kama ushahidi, macho ambayo mara nyingi yaliharibiwa na miaka ya moshi wa jikoni. Sisemi hadithi ya njia panda inaua bibi kizee. Nasema kwamba pale ambapo maarifa ya kweli kuhusu mnyama hayapo, nafasi haibaki wazi. Kuna masimulizi yanaijaza, na mengine ni hatari kuliko fisi.

"Lakini hadithi si somo la biolojia"

Naijua hoja hii, na ni nzito. Hadithi ya fisi haimhusu fisi. Inamhusu mjomba wako mlafi. Mnyama ni vazi tu. Nani anamlaumu mshairi kwa kusema moyo unapenda, wakati moyo ni pampu ya damu?

Na kuna mfano mzuri wa kuiunga mkono. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipenda kusimulia hadithi ya ndege mdogo na moto wa msitu. Wanyama wakubwa wamesimama wameduwaa. Ndege mdogo anachota maji tone kwa tone na kuyamwaga motoni, kwa sababu ndicho anachokiweza. Ndege huyo anayevuma hewani akifyonza maua haishi Afrika hata kidogo. Spishi zake zote ziko mabara ya Amerika. Wa kwetu wanaofanana naye ni chozi, na ni ukoo mwingine. Wala tone moja halizimi moto. Kibayolojia hadithi imeyumba, ila watu wengi wameichukua kama kauli ya maisha yao.

Kwa hiyo usahihi si kipimo pekee, nakubali. Lakini angalia tofauti. Hadithi ya Maathai haimchafui mtu wala mnyama. Ukiondoka nayo, unaondoka na heshima kwa kiumbe mdogo. Isitoshe, hakuna mtu Kenya atakayekutana na ndege huyo bustanini na kumwamulia cha kumfanya. Fisi tunaishi naye. Anapita nyuma ya zizi. Vazi likivaliwa na jirani aliye hai, tena kila usiku kwa karne kadhaa, linaacha kuwa vazi. Linakuwa ngozi yake. Popo, bundi, nyoka na tumbusi wanayo kesi hiyohiyo.

Je, watoto huchukua funzo au tukio?

Hapa sayansi inaweza kumsaidia mhakiki, maana swali hili limepimwa. Mwaka 2014, Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha jaribio katika jarida la Psychological Science. Watoto wa miaka 3 hadi 7 waliachwa na kitu cha kuchezea wakiwa wamekatazwa kuchungulia. Kisha walisomewa hadithi, halafu wakaulizwa kama walichungulia. Hadithi ya Pinocchio anayerefuka pua, na ile ya kijana mchungaji aliyepiga kelele za uongo kuhusu mbwamwitu, hazikupunguza uongo. Hadithi ya George Washington aliyekiri kukata mti na kusifiwa kwa ukweli wake ndiyo iliyoongeza ukweli. Watafiti wakaigeuza hadithi hiyohiyo, Washington asiyesema kweli akaadhibiwa. Nguvu yake ikapotea. Kwa maneno mengine, funzo lilikuwa moja kote: sema kweli. Kilichotofautisha ni nini kinampata nani ndani ya tukio. Sasa kamkumbuke sungura na chakula chake.

Jaribio la pili linatugusa zaidi. Nicole Larsen, Lee na Patricia Ganea waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 kitabu cha picha kuhusu kugawana. Kundi moja lilipata wahusika wanyama waliovalishwa tabia za watu, kundi jingine lilipata hadithi ileile yenye wahusika watu. Kabla na baada, watoto walipewa stika na nafasi ya kumgawia mtoto mwingine. Waliosomewa hadithi ya watu waligawa zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa ya wanyama hawakuongeza. Nisilivute jaribio hili kupita uwezo wake: lilifanyika Kanada, kwa kitabu cha picha kilichosomwa mara moja, na bibi anayeimba na kubadilisha sauti ni jambo jingine. Lakini linatuondolea uvivu wa kudhani kwamba ukimvalisha mnyama shati, maadili yanamfikia mtoto yenyewe.

Na je, fasihi inaweza kubadilisha tunavyowaona wanyama? Inaonekana ndiyo. Nchini Poland, Wojciech Małecki na wenzake waliwapa watu kipande cha riwaya chenye tukio la nyani kutendewa ukatili. Hawakuambiwa lolote kuhusu haki za wanyama. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba waliosoma kipande hicho walijali zaidi maslahi ya wanyama kuliko waliosoma kipande kisichohusika. Kwa upande mwingine, jaribio la Matthew Schneider-Mayerson na wenzake kwa wasomaji wa Marekani liliona kwamba hadithi fupi kuhusu mabadiliko ya tabianchi zilisogeza mawazo ya watu kidogo, na baada ya mwezi mmoja msogeo huo ulikuwa umefifia.

Ukiziweka pamoja, mimi nasoma hivi: hadithi moja husukuma kidogo na kwa muda. Ili isimame, lazima irudiwe. Na hakuna iliyorudiwa kwetu kama ya fisi.

Majirani wenye hadithi nyingine

Je, ingewezekana kuwa vinginevyo? Huhitaji kwenda mbali. Mji wa kale wa Harar, mashariki mwa Ethiopia, umezungukwa na ukuta ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ukuta huo una matundu ya chini ambayo fisi hupitia usiku kuingia mjini, na nje yake kuna watu wanaowalisha fisi kwa mkono mbele ya wageni. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani za njaa, fisi walipoanza kuwadhuru watu, mji ulifanya nao mapatano kwa kuwapikia uji. Kila mwaka, wakati wa Ashura, fisi hupelekewa uji, na namna wanavyoula husomwa kama ishara ya mwaka unaokuja. Wapo pia wanaoamini kwamba fisi hula majini wabaya.

Je, ni biolojia sahihi? Hapana, hakuna aliyewahi kupima jini tumboni mwa fisi. Fisi wa Harar naye si malaika. Hadithi yenyewe inaanza kwa kukiri kwamba aliua. Ila inaishia kwenye mapatano badala ya kicheko, na watu wanaendelea kuishi nayo: matundu yapo, mabaki yanaliwa, usiku unagawanywa.

Na faida si ya kufikirika. Kaskazini mwa nchi hiyohiyo, katika mji wa Mekelle, watafiti mwaka 2021 walikadiria kwamba fisi hula takriban tani 207 za mizoga na mabaki ya mifugo kwa mwaka, na kwa kufanya hivyo huzuia maambukizi ya kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe kwa watu wapatao 5 na mifugo 140 kila mwaka. Namba si kubwa, lakini ni kazi inayofanyika bure, usiku, na mnyama tuliyemwita mroho. Uroho uleule ndio usafi wa mji.

Manyani wa Adili

Usidhani basi kwamba Kiswahili hakina mfano wa kusimulia vingine. Rudi kwa Shaaban Robert, kwenye Adili na Nduguze. Kiini cha kisa ni manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu anayesifika kwa wema. Msomaji wa haraka atasema manyani ni ndugu waovu waliogeuzwa kwa adhabu, wivu ni mbaya, kwisha. Hilo ndilo funzo la mtihani.

Lakini soma mpangilio wake. Tunaiona fimbo kabla ya kuelezwa kosa. Anayechungulia na kuona anashtuka, anapeleka habari kwa mfalme Rai, na mfalme anamtaka Adili ajieleze. Yaani ndani ya ulimwengu wa kisa kile, kumpiga mnyama ni jambo linalohitaji maelezo mbele ya dola. Huruma yetu kwa manyani inatangulia. Habari kwamba ni watu inakuja baadaye. Adili mwenyewe anapiga kwa uchungu, kwa amri, na si kwa raha. Ndiyo, mwishoni ubinadamu wao ndio unaowaokoa, na hapo kuna udhaifu: nyani halisi hana wa kumgeuza. Hata hivyo mwandishi ametufanya tuumie kwa ajili ya mnyama kabla ya kutupa sababu ya kibinadamu ya kuumia. Hilo halimo kwenye muhtasari wowote wa "ujumbe", na kwangu ndilo funzo la mazingira lililo kubwa zaidi kitabuni.

Tuulize nini badala ya "tunajifunza nini?"

Sina mpango wa kuandika upya hadithi za fisi. Waliojaribu kuandika hadithi za uhifadhi mara nyingi wametuletea mti unaohutubia na mtoto anayeitikia, na mwanafunzi analala. Ninachopendekeza ni kidogo, na unaweza kukifanya kesho, uwe mwalimu, mzazi au mwanafunzi mwenye mtihani.

Ukimaliza hadithi, uliza maswali matatu. La kwanza: nani aliondoka na chakula, na alikipataje? Hapo sungura atapandishwa kizimbani kwa mara ya kwanza. La pili: msimulizi aliona nini kwa macho, na alikibuni nini? Kufuata mtu, kula haraka, kusubiri pembeni, vyote vimeonekana, ujinga umebuniwa. Swali hili ni la kisayansi kabisa, kutofautisha uchunguzi na tafsiri, na linafundishika darasa la tatu bila maabara. La tatu: ingesimuliwaje na mwenyewe, usiku, kabla simba hajafika?

Mtoto anayejibu maswali hayo hapotezi kicheko chake. Bado mkono hautadondoka, bado njia mbili zitamshinda. Ila atajua kwamba yule wa hadithi ni mjomba mlafi, na yule anayelia nyuma ya zizi ni mnyama mwenye ukoo, cheo, akili na meno, wa kuogopwa kwa sababu za kweli na kuachwa aishi kwa sababu za kweli. Siku jirani akisema fisi huyu ametumwa, darasa hilo litakuwa na angalau mtu mmoja wa kuuliza: umeonaje?